Kulabu za Ini

“Miezi minane, Joha! Miezi minane umelikalia bakuli langu kama kuku anayeatamia, na kwa kuwa nimenyamaza unadhani nimesahau. Bakuli la bati, jeupe, ubavuni lina ua jekundu, mfuniko wake una kishikizo cheusi. Lilete niondoke zangu.”

Aliyekuwa anasema hayo ni Verdiana, mama lishe wa Mikumi, amesimama katikati ya uwanja wa watu kule Chanzuru, mkoba kwapani, vumbi limempanda hadi magotini. Hodi alipiga, hilo tusimnyime. Ila hakungoja kukaribishwa, na salamu aliimeza njiani. Joha, mjane wa marehemu mdogo wake, alikuwa ameketi kwenye kigoda anapeta choroko. Hakuinua hata uso.

“Umemaliza, wifi?”

“Sijaanza.”

“Basi anza, tena paza sauti, wengine huku masikio mazito. Waambie umepanda basi kutoka Mikumi kuja kudai bakuli ulilomlishia mume wangu mpaka akafa. Sema. Mimi sauti yangu ndogo.”

Upande wa pili wa ua, mchi wa jirani ulikuwa unatwanga, ukanyamaza.

“Na wewe twanga!” Verdiana akaufokea ua. “Mchi usining’inie hewani kwa ajili yangu.”

Mchi ukaendelea, lakini polepole, kwa adabu ya mtu anayesikiliza.

Ukweli ni kwamba Verdiana hakufuata bakuli. Njia nzima kwenye basi alikuwa anayapanga maneno yake kama mtu anayepanga mayai kwenye kikapu: nitaanza na hili, nitafuata na lile. Alipofika, pua yake ikamtangulia. Palikuwa na sufuria jikoni, na ndani ya sufuria palikuwa na ini. Si ini tu. Ini la ng’ombe lenye tangawizi na kitunguu saumu na tone la ndimu, mapishi yake mwenyewe, aliyoyabuni kwa mkono wake. Na juu ya kichanja cha vyombo, limefunikwa juani, bakuli lile jeupe lilikuwa linamtazama kwa lile ua lake jekundu. Mayai yote kikapuni yakavunjika. Kilichomtoka mdomoni kikawa bakuli.

Ndipo alipoingia Yusrah, binti wa marehemu, umri wake miaka kumi na tisa, ndoo ya maji kichwani. Aliitua, akapiga goti kidogo.

“Shikamoo, shangazi.”

“Mara...” Verdiana alisema, na ile iliyobaki ikamkwama. Alikuwa anatazama mkono wa binti ulioshika ukingo wa ndoo. Kwenye vifundo viwili vya vidole palikuwa na vinundu, vigumu, vidogo, kama punje zile zile za choroko zilizokuwa zinarukaruka kwenye ungo wa mama yake.

“Hilo ini ni la nani?” akauliza.

“La mwanangu,” Joha akasema. “Damu imempungua, anahema akipanda kilima, mwezi uliopita kaanguka shambani. Nalipika mwenyewe. Ini halina kosa. Kosa ni mkono unaolipika.”

“Usimpe!”

“Nini?”

“Usimpe hilo ini, Joha. Litamuua.”

Mtu mwenye mdomo mwepesi, Mungu angemgawia na akili nyepesi vilevile, ili viende pamoja. Neno lilipokwisha kutoka ndipo Verdiana aliposikia lilivyosikika. Joha aliinuka, choroko zikamwagika chini.

“Kumbe unajua!” Sauti ndogo ile haikuwa ndogo tena. “Kumbe unajua linavyoua! Toka kwangu. Toka, Verdiana, kabla sijasahau kuwa wewe ni mkubwa wangu!”

Akashika mwiko. Mchi wa jirani ulinyamaza kabisa, safari hii bila adabu. Verdiana akatoka, mkoba kwapani, bila bakuli na bila kusema alichokuja kusema.

*

Ukoo wa Verdiana uliletwa Kilosa na mkonge. Babu mzaa baba alikuja na manamba kutoka kusini, akakata mkonge kwenye mashamba ya Wagiriki mpaka akasahau njia ya kurudi kwao. Alikuwa na vinundu kwenye viwiko, kwenye vifundo vya vidole, na nyuma ya visigino, pale mshipa mnene unaposhuka. Alisema ni miba ya mkonge iliyoingia ikakosa pa kutokea. Nani angembishia? Mkonge una miba. Siku moja akalala chini kwenye mstari wake wa kukata, hakuinuka.

Mwanawe Cornel, baba yake Verdiana, hakukata mkonge hata siku moja. Alifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli, nyundo na mtaimbo. Hata hivyo vinundu vikamtoka, pale pale vilipokuwa vimemtoka baba yake. Hapo ndipo ukoo ulipopaswa kukaa chini na kujiuliza. Wao wakafurahi! Wakasema miba ya babu imeingia kwenye damu, na anayeviota ndiye mtoto halali wa babu, hakuna maswali. Ikawa desturi yao: kijana akifikisha miaka ishirini, wakubwa wanampapasa visigino kama wanaonunua mbuzi. Vikiwepo vinundu, anachinjiwa jogoo, na ini la yule jogoo anakula yeye peke yake. “Huyu wetu.” Kwa aliyebaki laini wakubwa waliangaliana, na mama yake alilala vibaya.

Cornel alianguka karibu na Munisagara, mtaimbo mkononi, miaka arobaini na mmoja. Watu walisema ni jua.

Verdiana alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba. Akaishia hapo. Alishika karai la maandazi, akawa anauza kwenye madirisha ya treni pale stesheni ya Kilosa, na kwa maandazi hayo alimsomesha mdogo wake Rafaeli, akamnunulia viatu vya kwanza, akamtafutia kazi kwa mzee mmoja wa reli aliyependa maandazi ya moto. Mume aliwahi kuwa naye, dereva wa trekta. Alimwacha, au waliachana, inategemea umemuuliza nani. Watoto Mungu hakumpa. Alikuwa na Rafaeli, basi.

Rafaeli kazi yake ilikuwa kuunga mabehewa. Anasimama katikati ya reli, injini inasukuma behewa kutoka nyuma, na yeye anangoja mpaka vyuma vikaribie, anarusha kulabu, inakamata, mlio wa chuma unasikika yadi nzima. Akikosea anasagwa. Hakukosea. “Behewa lisilokamatwa ni jini,” alikuwa anasema. “Linatembea lenyewe, halijui linakwenda wapi, na mahali litakapomwaga mzigo hapajulikani.” Alimwoa Joha, binti wa Kiislamu wa Chanzuru, maneno yakawa mengi pande zote mbili, kisha akazaliwa Yusrah na maneno yakaisha.

Zikaja siku za ruksa, serikali ikalegeza biashara. Maduka yakajaa sabuni na mafuta ya kupikia ambayo watu walikuwa wameanza kuyasimulia kama hadithi. Barabara kuu ikajaa malori. Verdiana alinusa biashara, akahamia Mikumi, akajenga kibanda cha mbao na mabati mkabala na mahali madereva wanapopumzika, vyumba viwili nyuma. Chai, chapati, supu. Madereva wakampenda kwa mkono wake na wakamwogopa kwa mdomo wake. Dereva akiacha nyama kwenye sahani alimwambia, “Mpelekee mkeo, si ndiye uliyemwambia huku Mikumi unashinda njaa?”

Ruksa hiyo hiyo ilipofika kwenye reli ilikuja na sura nyingine. Mwaka tisini na mbili wakapunguza watu, na Rafaeli akapunguzwa. Nyumba ya kazi, kota, wakaitaka. Kiinua mgongo kilikwisha kabla mgongo haujainuka. Verdiana akakodi lori, akaenda Kilosa, akapakia vitanda, mke, mtoto na mdogo wake, akawaleta Mikumi kwenye vyumba vyake viwili. Hakuwahi kumkumbusha. Kwa mtu wa mdomo ule, hiyo ilikuwa sadaka kubwa kuliko lori.

Haukupita mwaka, Rafaeli akaanza kushika kifua. Akibeba ndoo, anasimama nusu ya njia, jasho linamtoka, anasema kuna mtu anamfunga mkanda. Zahanati wakampa dawa ya malaria. Watu wazima wakasema damu imepungua. Na kwenye ukoo ule aliyepungukiwa damu dawa yake ilijulikana: ini. Jogoo hatoshi, ng’ombe.

Hapo Verdiana alijitoa. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha jiko la biashara, alikuwa mlangoni kwa Mudi mwenye bucha, maana ini huwahiwa. Mudi alikuwa anamfichia chini ya gunia. Alilichemsha na mifupa yenye uboho, akaweka tangawizi na saumu, akakorogea viini viwili vya mayai ya kienyeji mpaka supu ikawa ya manjano, akaimimina kwenye lile bakuli la ua jekundu ambalo wateja walikuwa hawaruhusiwi kulishika. Joha alikuwa anapokea bakuli mlangoni na kulipeleka kitandani. Miezi mitatu hivyo. “Kunywa, baba,” Verdiana alikuwa anasema kutoka jikoni, kama alivyomwambia akiwa mtoto wa miaka sita. Na Rafaeli alikunywa. Hata siku ambazo hakutaka alikunywa, kwa kuwa dada amepika.

Alikufa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amekaa, bakuli mapajani, supu imefika nusu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Kwenye mazishi kule Kilosa, watu wamenyamaza, Joha akasema neno moja: “Ameliwa na mkono wa dada yake.” Hakulirudia. Neno kama hilo halihitaji kurudiwa. Lilifika stesheni kabla ya waombolezaji. Wiki hiyo hiyo akafunga mizigo, akamchukua Yusrah, akarudi kwao Chanzuru, na bakuli likaondoka ndani ya mizigo. Mikumi wateja wawili watatu wakaanza kunywa supu kwa jirani.

*

Miba ya babu ilionwa na Daktari Lusekelo. Kijana wa Tukuyu, mwembamba, alikuwa amepangiwa kazi hospitali ya pale Mikumi, na mchana alikula kwa Verdiana kwa sababu alikuwa hajaoa na hajui kupika. Siku moja alipowekewa sahani, akaushika mkono wa Verdiana, hakuuachia.

“Daktari, mkono huo umeshapitwa na posa,” Verdiana akamwambia. “Ungekuja mwaka wa sabini.”

Hakucheka. “Mama, hivi vinundu vimekutoka lini?”

“Hivyo? Miba ya babu. Kwetu wote tunavyo.”

“Wote nani?”

Akataja. Akaulizwa baba alifariki na miaka mingapi. Akasema. Mdogo wako je? Akasema. Daktari akamtazama machoni, akaona duara jeupe limezunguka mboni. Akaomba aone visigino. Chakula kikapoa kabisa. Kesho yake alimtoa damu kabla hajanywa chai, na kwa kuwa alikuwa anakwenda Dar es Salaam kwenye mafunzo, aliibeba ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu.

Jibu lilirudi baada ya mwezi na nusu. Alimweleza pale pale kibandani, saa tisa alasiri, wateja wamepungua.

“Mafuta hayatembei yenyewe kwenye damu, mama, maana damu ni majimaji. Unajua mafuta na maji.”

“Mimi napika, mwanangu.”

“Basi mwili unayafungasha kwenye vifurushi vidogo mno, huwezi kuviona. Nje ya kifurushi kuna protini, hiyo ndiyo pa kushikia. Ndani kuna mzigo, na sehemu kubwa ya mzigo inaitwa kolesteroli. Si sumu. Kila seli inaitumia kujengea kuta zake. Lakini ikizidi lazima ishushwe, na stesheni kubwa ya kuishusha ni ini. Seli za ini zina utando kwa nje, na kwenye utando huo zimechomoza protini nyingine ambazo kazi yake ni kudaka vile vifurushi vikipita. Zimekaa kama... nisemeje?”

“Kama kulabu,” Verdiana akasema. “Za mabehewa.”

Daktari akaacha kutafuta. “Ndiyo. Kulabu za mabehewa. Kulabu inakamata pale pale pake kwenye kifurushi, haishiki kila kinachopita. Inazama nacho ndani ya seli. Mzigo unashushwa, kulabu inarudi juu, inangoja kingine. Mchana na usiku. Sasa ninyi mmezaliwa nusu ya kulabu hazipo, au zipo zimepinda hazikamati. Vifurushi vinafika kwenye ini, vinapita. Vinazunguka mwilini, vinarudi, vinapita tena. Mwisho vinamwaga mzigo kando ya njia. Kwenye vidole. Kwenye visigino. Na kwenye mishipa inayolisha moyo, huko ndiko kunakoua. Hakuna mwiba hapo, mama. Haikuwa mkonge wala jua.”

Lori lilipita, mabati yakatetemeka.

“Na mtu mwenye hali hiyo,” Verdiana akauliza, taratibu kuliko kawaida yake, “akila ini la ng’ombe?”

“Alikuwa anakula?”

“Kila siku. Na viini viwili vya mayai.”

Kijana yule alikuwa hajazoea kuwaambia watu mambo mazito. Alisugua meza kwa kidole. “Seli ya ini ikishashiba kolesteroli, inapunguza hata zile kulabu chache zilizobaki nje. Supu haikumuua, mama. Alizaliwa na hali hiyo. Angekula mchicha mtupu bado angekwenda mapema. Lakini haikumsaidia.”

“Dawa?”

“Ulaya zipo. Hapa bado, na bei yake usiniulize. Mboga, maharage, uache mafuta ya kopo, uache mayai. Nitakupa aspirini. Huyo mdogo wako aliacha mtoto?”

“Mmoja.”

“Aletwe. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ni kama kurusha shilingi juu. Upande huu au upande ule.”

Verdiana alisikia yote, lakini alichoondoka nacho kilikuwa neno moja tu: haikumuua. Alilikunja, akaliweka kifuani kama risiti. Asubuhi iliyofuata alipanda basi la Kilosa kwenda Chanzuru kumwonyesha Joha risiti yake. Na mambo yakawa kama yalivyokuwa, ya bakuli na mwiko.

*

Siku nne baada ya kufukuzwa Chanzuru hakugombana na mtu. Madereva wakaulizana kama mama anaumwa.

Siku ya tano, alfajiri, dereva mmoja akaagiza supu ya maini. Verdiana akachukua kisu, akaweka ini ubaoni, akalitazama. Lilikuwa limelala pale, laini, linang’aa, halina habari. Alijiuliza alikwenda Chanzuru kufanya nini hasa. Kumwokoa mtoto? Angekuwa amekwenda kwa ajili ya mtoto angeanza na mtoto. Alikwenda kutakaswa. Alitaka Joha asimame mbele ya ua na mchi wa jirani, aseme: wifi, nilikosea. Na kwa kutaka hilo aliliacha ini kwenye sufuria na vinundu kwenye vidole, akarudi nyumbani kununa.

“Maini hakuna,” akamwambia dereva.

“Si hayo hapo?”

“Hayo ya mgonjwa. Kula maharage, tumbo hilo halihitaji msaada.”

Akafunga kibanda. Alifika Chanzuru saa nane. Safari hii alipiga hodi mara tatu, akangoja. Joha alipotoka na kumwona, akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Verdiana hakutafuta kigoda. Alikaa chini, mavumbini, miguu mbele kama mtu aliyekuja matangani.

“Bakuli nimekusamehe,” akasema. “Lako. Sikuja kwa hilo, hata juzi sikuja kwa hilo. Nimekuja kukwambia jambo, ukitaka unipige, basi unipige nikishamaliza.”

Joha aliegemea mwimo wa mlango. Hakuondoka.

Verdiana alivua kandambili, akageuza kisigino. “Tazama hapa. Tazama vidole vyangu. Kisha mwite mwanao utazame vyake. Imetoka kwetu, Joha. Si kwenu, si kwa mchawi. Tulikuwa tunachinja jogoo kwa kufurahia kitu kinachotuua.”

Akaeleza kulabu. Hakuhitaji maneno mengi. Joha alikuwa amefua miaka kumi na minane nguo za kazi zenye grisi ya mabehewa. Alijua kulabu ni nini, na alijua ilivyokuwa kukaa kota kusikiliza mlio wa chuma na kuhesabu: amekamata, amekamata, bado yuko hai. Alishuka kwenye kizingiti, akakaa.

“Kwa hiyo ini lake lilikuwa halikamati,” akasema.

“Halikamati. Na mimi kila alfajiri nilikuwa naongeza mabehewa kwenye njia.”

“Ilimuua, au haikumuua?”

Neno lilikuwa pale kifuani, limekunjwa vizuri. Verdiana alilifikiria. Kisha akatoa na lile lingine lililokuja nalo.

“Daktari anasema haikumuua. Angekwenda tu. Lakini anasema haikumsaidia. Huenda bila supu yangu angekwenda mwaka mwingine mbele.”

“Mwaka.”

“Huenda mwezi. Huenda wiki. Hajui, na mimi sijui. Nilikuwa najua kupika tu.”

Joha aliokota kijiti, akachora chini. “Basi una mwaka wangu mmoja,” akasema mwisho. “Bakuli lako ninalo, na wewe una mwaka wangu.”

“Ninao.”

“Kuna siku alikuwa hataki ile supu, akaniambia nimwage,” Joha akasema. “Nilimkaripia. Nikamshikia bakuli mdomoni.” Akatupa kijiti. “Nenda, Verdiana. Basi la saa kumi litakuacha.”

Verdiana akainuka, akakung’uta kanga. Alipopita jikoni aliona sufuria. Hakuuliza kuna nini ndani. Tangu azaliwe, hilo ndilo swali lake la kwanza kulimeza zima.

*

Walikuja Jumatatu ya tatu baada ya hapo, mama na binti, wameshuka kwenye basi kama wageni wa mtu mwingine. Verdiana aliacha chapati kwenye jiko, akawapeleka kwa daktari mwenyewe. Wakati huo hospitali zilikuwa zimeanza kuchangisha wagonjwa. Joha alifungua pindo la kanga akatoa alichokuwa nacho, na Verdiana, kwa mara ya pili katika maisha yake, hakusema kitu.

Daktari Lusekelo alimpima Yusrah. Ule uchovu, akasema, na kule kuanguka shambani, ni safura; minyoo inamnywa damu, na hiyo ina tiba, akampa vidonge na akamwambia asiende shambani peku. Joha akashusha pumzi. Ila vile vidole, daktari akasema, ni suala lingine. Akatoa damu, akaipeleka Dar kwenye chupa ile ile ya chai. Wakangoja. Wiki sita mtu anaweza kupanda mchicha, akauvuna, akapanda tena.

Siku ya majibu walikaa watatu kwenye benchi moja. Daktari alisoma karatasi kimoyomoyo kwanza, na hapo tu wote wakajua.

“Upande ule,” akasema.

Yusrah alitazama mikono yake, juu, kisha viganja. “Kwa hiyo na mimi ni mtu wa babu,” akasema. Akauliza kama ataolewa. Daktari akasema ataolewa. Akauliza kuhusu watoto. Daktari akasema kila mmoja ni shilingi juu. Akauliza ataishi mpaka lini. Kijana yule akasema wanawake mara nyingi huchelewa kidogo kuliko wanaume, na dawa za Ulaya huenda zikafika, na mboga, na asinyanyue vitu vizito. Verdiana alikuwa na miaka arobaini na mitatu, alikuwa amewazidi baba yake na mdogo wake, na siku hiyo alimtazama binti akaona miaka ya mtoto ikihesabiwa kutoka mwisho.

Walirudi kibandani. Mvua ya kwanza ilikuwa inanuia kunyesha, haijanyesha. Verdiana aliwawekea ugali, akakumbuka hana mboga isiyokaangwa, akaanza kujilaumu kwa sauti.

“Acha,” Joha akasema.

Akafungua furushi lake. Kanga moja, kanga ya pili, kisha lile bakuli jeupe, ua jekundu ubavuni, limefungwa kwa kamba ili mfuniko usitoke njiani. Akakata kamba kwa meno. Ndani mlikuwa na mlenda wa Chanzuru, na nyanya chungu, na kunde changa. Tone la mafuta halikuwemo.

“Chombo cha watu hakirudi kitupu,” akasema, akalisukuma katikati ya meza.

Verdiana alifunua, akamega tonge, akachovya, akala. Yusrah alikuwa anamtazama usoni.

“Chumvi umeisahau,” Verdiana akasema.

“Kibanda chako. Weka mwenyewe.”

Akaweka. Wakala wote watatu kutoka kwenye bakuli moja. Karibu na mwisho, weupe wa chini ya bakuli umeanza kuonekana, Verdiana alifuta vidole vyake vyenye vinundu kwenye kanga.

“Na ule mwaka, Joha?”

Joha alikusanya mlenda uliobaki pembeni kwa kipande cha ugali, akausogeza upande wa wifi yake.

“Ule sidai,” akasema. “Malizia, unapoa.”